Evaristo na Ndege Isiyo na Pua

Mwaka umetimia, mwanangu Evaristo, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Agosti, brashi zako zikiwa bado zimelowekwa mkebeni.

Ulikuwa mpole kwa watu, mkali kwa karatasi. Mabango ya safari za ndege uliyoyachora hapa mtaani kwetu Mooca hayakuwa na minazi wala wasichana wanaotabasamu: rangi tatu, umbo moja, jina la mji. Ulikuwa ukifunika kitu kimoja mchoroni kwa kipande cha karatasi nyeupe, kisha unaniita kutoka jikoni: "Mama, bado inaruka?" Nikisema inaruka, kile kitu ulikiondoa kabisa. Ulinichagua mimi kwa kuwa wakati huo sikujua kusoma. Bango, ulisema, lisingoje herufi.

Bango lako la mwisho, la mji wa Lisboa, lilitutia majaribuni. Ndege ilikuwa imepanda hadi pua yake ikatoka nje ya ukingo wa karatasi. Hata misa ya kukuombea siku ya saba haijasomwa, mkurugenzi wa shirika la ndege akaja karakanani kwako.

"Ndege gani hii haina kichwa? Rubani kakaa wapi, kwenye bawa? Itieni pua kabla ya Jumamosi, la sivyo kazi naipeleka kwingine!"

Mdogo wako Delfino alishika penseli. "Mama, tukikaidi, hakuna atakayeiona kazi ya mwisho ya kaka. Ni pua tu, Mama!"

"Pua tu?" mkeo Zulmira akamjia juu. "Thubutu! Iguse karatasi ya mume wangu uone."

Delfino akachora ndege nzima kwenye karatasi nyembamba, chini kidogo ili pua ienee, akaifunika ile yako. Kisha akaniuliza swali lako: "Mama, bado inaruka?"

Niliitazama sana, nikitamani kusema ndiyo.

"Hapana, baba. Imetua."

Akaichana ile yake. Akalipeleka bango kama ulivyoliacha, na mkurugenzi akalitia kabatini. Tangu hapo tuliishi roho mkononi, tukipita barabarani tukiogopa kutazama kuta, tusije tukaliona limetiwa pua.

Juzi, baada ya karibu mwaka mzima, bango limebandikwa karibu na stesheni. Halina pua. Binti yako Iolanda aliweka kidole bawani, akaifuata njia ya ndege hadi karatasi ikaisha, na kidole hakikusimama. Kilipanda ukutani, naye akainuka kwa ncha za miguu, hata ukuta nao ukaisha.

"Imekwenda kule, Bibi," alisema.

Tunaokukumbuka ni mimi mama yako Leocádia, mkeo Zulmira, mdogo wako Delfino na binti yako Iolanda. Hatukuoni tena, mwanangu, lakini kusahauliwa, kamwe hutasahauliwa.