Mashine Hii Haiendi Unguja

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekata mistari mingine. Leo zimekwenda kadi za sauti, aina za diski ambazo hapa Pemba hakuna aliyepata kuziona, na vipanya vya kila kabila. Nnaweka alama mbele ya mstari, kifaa kinatoka kwenye mpango. Bado nusu ya faili. Macho yananiuma.

Tatizo ni unene. Kerneli ndicho kiini cha mfumo, ndiyo inayozungumza na kila chuma ndani ya kompyuta. Hii niliyoipata mtandaoni imetengenezwa imridhishe kila mtu duniani. Kompyuta ya ushirika wetu wa kuvukiza mafuta ya mchaichai na makonyo ina kumbukumbu ndogo kuliko simu ya mume wangu Hamad, na simu hiyo yenyewe kichekesho. Ikiwashwa inajaa, inaganda. Basi nnaipunguza mpaka ibaki ya mashine hii peke yake.

Leo tena mtu kaniuliza kwa nini tusinunue kompyuta mpya. Kwa sababu kadi inayozungumza na kipima, kile cha kupimia ubora wa mafuta yetu, ni ya zamani, na kompyuta mpya haina hata tundu la kuichomeka. Nshalieleza hili mpaka ulimi umekauka.

Alhamisi ya wiki ijayo anakuja Bwana Othman wa mradi uliotupa kipima, kutoka Unguja. Akikuta kipima kinafanya kazi, kinabaki Mgogoni, kwenye ushirika. Akikuta hakifanyi, anakichukua na kompyuta yake. Kitu kikishavuka kwenda Unguja ndiyo basi. Kina mama watarudi kupeleka vichupa vya mafuta kwa boti, wangoje majibu wiki baada ya wiki, na mnunuzi hangoji mtu.

Na mimi nilisimama mbele ya ushirika mzima nikasema nitaiwasha. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 12 Agosti

Imewaka! Imewaka, imewaka, imewaka.

Kerneli nyembamba, ya kwangu mwenyewe. Maandishi meupe yakateremka kwenye ile skrini ya kichogo, mstari kwa mstari, mpaka chini, ikasimama ikiningoja niseme neno. Nilicheza. Mtu mzima, na buibui langu, nilicheza. Bi Time, mwenyekiti wetu, ambaye kabla ya Adhuhuri huwa hacheki na mtu, kacheka.

Halafu nikasoma mistari vizuri. Diski inaiona. Kibodi inaiona. Kadi ya kipima haioni. Bila kadi hiyo kipima ni sanduku tu.

Nimeipiga picha kadi kabla ya kufunga mgongo wa mashine. Nitaiangalia kwa utulivu.

Jambo jingine dogo. Betri ya saa ndani ya kompyuta ilikufa zamani, kwa hiyo kila ikizimwa inasahau leo ni lini. Nimeiandikia programu fupi. Ikiwashwa inauliza kwa Kiswahili: leo tarehe ngapi, sasa saa ngapi? Mtu anajibu, inaendelea. Kina mama wameipenda mno. Bi Time anasema angalau sasa ina adabu, inasalimia kabla ya kuanza kazi.

Jumatano, 13 Agosti

Asubuhi mapema niliwasha, nikaijibu saa yake, nikaiamuru ijenge kerneli yote upya, huenda kadi ikaonekana. Kwa mashine hii hiyo ni kazi ya asubuhi nzima. Nikaiacha. Mimi na Hamad tukapanda vespa kwenda Shumba, kafiwa na shangazi yake. Allah amrehemu, alikuwa mama mwema na mpishi hodari.

Wakati wa kurudi tulisimama kutia petroli. Nikatoa simu, nikaitazama picha ya kadi. Vile vijiswichi! Namba vinayoonyesha siyo iliyomo kwenye faili la kadi. Kerneli inagonga mlango mmoja, kadi inakaa nyumba nyingine. Nikamwambia Hamad aendeshe mbio. Akasema huyu si punda, ni vespa.

Nikafika Mgogoni Alasiri inakaribia. Umeme ulizimika mchana lakini kerneli ilikuwa ishamalizika, alhamdulillahi. Uliporudi, Bi Time kaiwasha mashine mwenyewe ili nisipoteze muda. Mama huyu nampenda.

Nikabadili ile namba moja. Nikaamuru ijenge. Ikamaliza kufumba na kufumbua. Nikafurahi, mabadiliko madogo kazi ndogo. Nikawasha upya.

Kadi haionekani.

Nikajenga tena, nikawasha tena. Haionekani. Nimerudi nyumbani Jadida.

Ijumaa, 15 Agosti

Hakuna.

Nimebadili mambo matatu kwenye mafaili mengine. Kila badiliko linaingia, nnaliona. Kadi kimya. Ile namba naiamini, sijaigusa. Nimeihakiki kwenye picha mpaka naiota.

Njia ipo ya kufuta vyote na kujenga kerneli kuanzia mwanzo. Asubuhi nzima nyingine, kwa umeme gani? Jana ulizimika mara nne. Ukikatika katikati unaanza moja. Na kwa nini nijenge upya kitu kilichojengwa salama juzi tu?

Hamad kaniuliza kama hiyo mashine nimeolewa nayo, maana yeye haoni sahani mezani. Nimemwambia muhogo upo jikoni na mikono anayo.

Jumatatu, 18 Agosti

Bwana Othman kapiga simu. Anakuja Alhamisi kama alivyosema, na pikapu, na vijana wawili wa kubeba. Kaongea kwa upole, hana ubaya. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilipoingia chumbani nimemkuta Bi Time anakunja blanketi. La nini? Akaendelea kukunja. Nikafahamu. La kufungia kipima kisije kuvunjika kwenye boti.

Nilitoka nje nikasimama penye makonyo ya karafuu yaliyoanikwa. Kina mama walikuwa wanatia mchaichai kwenye pipa la kuvukizia na hakuna aliyeimba. Hawa kila siku wanaimba. Hasira zilinipanda, sijui kwa nani. Nikarudi ndani nikamwambia Bi Time aliweke hilo blanketi lake, mashine hii haiendi Unguja.

Jumanne, 19 Agosti

Leo nimegombana na mtu ninayemheshimu.

Nilitaka kupanga kichwa changu, nijue nimegusa nini na lini. Nikaiambia kompyuta inionyeshe mafaili pamoja na saa ya mwisho kila moja kubadilishwa. Faili la kadi: Jumatano, saa tatu na dakika arubaini asubuhi.

Saa hiyo mimi nilikuwa Shumba. Nilikuwa nimekaa jamvini kwenye msiba, na Hamad ni shahidi, na Shumba nzima ni shahidi.

Damu ikanichemka. Mtu kaingia kwenye faili langu! Na siku ile mwenye ufunguo alikuwa Bi Time. Nikamwuliza mbele ya wenzake, na sikumwuliza kwa adabu. Akaniangalia. Akasema, "Miye, Raya? Miye niharibu?" Akachukua kanga yake akaenda zake.

Nimekula kidogo. Hamad kasema Bi Time angekuwa na nia ya kuharibu asingekunja blanketi kulilinda sanduku lile. Kweli. Mbona sikuliona hilo mimi?

Jumatano, 20 Agosti

Nataka kuandika yote na mkono unakwenda mbio.

Nilikwenda nyumbani kwa Bi Time kabla hajatoka, na mkate wa kumimina mkononi. Nikamwomba radhi. Alikuwa kanuna kweli, kaupokea mkate bila kunikaribisha. Halafu akasema kwa kisirani, palepale kizingitini, "Faili lako sijui lina rangi gani. Miye siku ile nilibonyeza swichi tu. Ikaniuliza saa ngapi. Nkaijibu. Ilikuwa saa tisa, Alasiri bado kuadhiniwa. Nkaandika tisa."

Tisa.

Nilikaa chini pale pale kizingitini.

Saa tisa yetu ya mchana. Lakini mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane, na kwake tisa ni saa tatu asubuhi! Mimi vidole vyangu vimezoea, nikiwa mbele ya kompyuta naandika kumi na tano bila hata kufikiri. Bi Time kaandika saa anayoijua, saa ya kila mtu Pemba nzima. Nimemwuliza Kiswahili, kanijibu Kiswahili. Kosa liko wapi? Kosa ni langu mimi niliyeandika lile swali.

Na hapo kila kitu kikajipanga. Ile programu ya kujenga ni mvivu, inatazama saa. Faili likiwa jipya kuliko kipande kilichokwishajengwa, inakijenga upya. Faili likiwa la zamani, inaliruka. Kipande cha kadi kilijengwa asubuhi, saa nne hivi, mimi niko Shumba. Namba nikaisahihisha mchana, lakini mashine ikalipiga faili muhuri wa saa tatu asubuhi. Basi kwake masahihisho yangu ni ya kale. Ikaliruka. Ndiyo maana ilimaliza kufumba na kufumbua! Nilipowasha upya nikaijibu saa sahihi, ushahidi wote ukapotea. Wiki nzima dawa imo ndani ya mashine na mashine haijainywa.

Nikamwambia Bi Time avae, twende. Akasema chai bado. Nikamwambia chai huko huko.

Nikalifungua faili la kadi, sikubadili hata herufi. Nikalihifadhi tu, lipate saa ya leo. Nikaamuru ijenge. Safari hii ilikaa. Ilikaa, diski inakoroma, na mimi namwomba Mungu umeme usizimike. Nikawasha upya. Maandishi yakateremka, diski, kibodi, skrini, halafu mstari ambao sijawahi kuuona. Kadi, kwenye namba yake, ipo.

Nilipiga ukelele. Nje wakadhani nimerushwa na umeme.

Tukatia tone la mafuta ya mchaichai kwenye kipima. Taa ya kijani. Tukangoja. Kisha kwenye skrini ukaanza mchoro, ukapanda taratibu, ukafika kileleni, ukashuka, ukapanda tena, na mashine ya kuchapia ikaanza kulia. Vigelegele! Vigelegele mpaka watu wa barabarani wakaingia kuuliza arusi ya nani. Bi Time kanikumbatia mbele ya wote, akanambia sikioni kwamba nikirudia kumshutumu atanichapa, na umri wangu huu. Nilicheka na machozi yananitoka.

Kabla ya kuondoka nimelirekebisha swali. Sasa inauliza kwanza asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha saa ngapi, kama watu wanavyosema. Hesabu ya kugeuza inaifanya yenyewe. Mashine ndiyo ijifunze, Bi Time hana cha kujifunza hapo.

Alhamisi, 21 Agosti

Tumeshinda.

Bwana Othman kaja na pikapu yake na vijana wake wawili. Kavaa kanzu nzuri, kasalimia kila mtu. Mfukoni ana kichupa kilichofungwa, mafuta ya makonyo, na majibu yake ya Unguja yamo kwenye bahasha aliyokuja nayo. Hakunambia majibu. Haki yake, na mimi ningefanya hivyo hivyo.

Sikugusa kitu. Nilikaa pembeni na mikono chini ya mapaja ili isitoroke. Bi Time ndiye aliyewasha, yeye akajibu maswali, yeye akatia tone. Kina mama wamejaa mlangoni, mmoja kabeba mtoto. Mchoro ukapanda. Karatasi ikatoka. Bwana Othman akafungua bahasha, akaziweka karatasi mbili sambamba, akavaa miwani.

Akaomba warudie. Wakarudia. Ikatoka vile vile.

Akavua miwani akasema, "Basi mimi na pikapu yangu tumekuja matembezi." Na yeye kafurahi, nilimwona. Wakampakilia pikapu mikungu ya ndizi na mafenesi mpaka wale vijana nao wakapata cha kubeba. Chini ya karatasi ya majibu pamechapwa mahali pa kupimia: Mgogoni, Pemba. Bi Time kaisoma kwa sauti, akaisoma tena kwa waliokuwa nje.

Mimi nimejisifu kutwa nzima, kwa kila mtu, hata kwa muuza madafu. Nina haki. Nani mwingine kisiwani hapa ana kerneli aliyoishona kwa mashine moja tu?

Hamad kapika leo. Wali umeungua. Nimekula wote.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimekwenda Mgogoni asubuhi, sikuitwa. Nilitaka tu kuona.

Walikuwa wanaimba nje kwenye mapipa. Nikapita upande wa dirisha. Ndani Bi Time amekaa mbele ya skrini na mabinti wawili wa ushirika nyuma yake, anawaonyesha mahali pa kutia tone. Mmoja akauliza kitu, Bi Time akamjibu bila kugeuka. Kamjibu sawasawa. Karatasi ikatoka, wakaikunja, wakaiweka kwenye kasha la vichupa vya mnunuzi, wakachukua kichupa kingine. Hakuna aliyenitaja.

Nilikuwa na maneno mengi ya kusema pale. Nikayaacha. Nimerudi Jadida kwa miguu sehemu ya njia, jua bado si kali.