Kibuyu cha Rubisi Ulichomletea Baba Yangu

Anatoli, ndugu yangu wa benchi moja,

Masika yamepita tangu tukuzike, na migomba iliyo kando ya kaburi lako imebeba. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na neno ila huzuni, na huzuni ya mwalimu mzee wewe ungeicheka. Sasa nina habari. Walitaka kukichukua kibanja chako, migomba, nyumba na kaburi. Ilikuwa Paskazia, mjane uliyemwacha, ahamishwe aende kuishi ukingoni mwa rweya, kwenye nyika isiyo na migomba, mahali ambapo hata mbuzi wake mmoja angelalamika kwa ukavu wa nyasi, nawe ubaki hapo chini peke yako, watu wakipita juu yako kwenda kununua sabuni.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana ndivyo nilivyozoea.

Tulizaliwa juu ya ardhi moja, lakini hatukuzaliwa sawa. Kutoka barabarani hadi kwenye chemchemi ilikuwa nyarubanja ya baba yangu: Omukama, mfalme wetu, alimpa babu yangu ardhi hiyo pamoja na watu waliokuwa wakiishi juu yake, na baba yako alikuwa mmoja wa watu hao. Alipanda migomba, akapanda mibuni, akajenga, akazika watoto wawili pale. Hata hivyo, kila msimu alituletea sehemu ya kahawa yake na kibuyu cha kwanza cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akapiga magoti uani. Sisi tulikipokea kibuyu, tukakiweka chini ya nguzo ya kati, na mtu wa nyumba yetu akasema, "Asante, mtu wetu." Hatukuwa na hati nyingine. Aliyekileta kibuyu alikiri kwamba ardhi si yake.

Shuleni ulinishinda hesabu kila muhula. Darasa la nne lilipokwisha, wewe ulirudi kwenye migomba, mimi nikaendelea hadi chuo cha ualimu. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilifika huko kwa bidii. Bidii nilikuwa nayo. Lakini karo yangu ilitoka kwenye kahawa ya baba yako, na jambo hilo sikuwahi kulitamka mbele yako. Badala yake, uliponiandikia barua chuoni, nilikurudishia imesahihishwa kwa wino mwekundu. Anatoli, leo ningetoa chochote nilicho nacho nipate barua yako moja yenye makosa.

Unakumbuka ule mwaka wa kuelekea Uhuru, walipokuja wale wasemaji wawili? Wote wawili walisimama mahali pale pale, kwenye uwanja wa ushirika tunapoanika kahawa, wiki moja baada ya nyingine. Wa kwanza alikuwa na shati la kijani. Alisema kwamba umaskini wetu wote unatoka kilimani, kwa wenye nyarubanja, na kwamba siku ya Uhuru watakula majani. Watu walishangilia. Wa pili alikuja na kofia na koti, akatetea mila na wakama, akasema kwamba umaskini wetu wote unatoka mjini Bukoba, kwa Wahindi wenye maduka, na kwamba wakiondoka sote tutakuwa matajiri. Watu wale wale walishangilia, tena kwa nguvu zaidi, maana huyo alikuja na mtungi wa rubisi. Bibi mmoja tu ndiye aliyeuliza, "Wakiondoka, chumvi utatuletea wewe?"

Ulikuwa umesimama karibu nami. Ulisema, na sauti yako ninaisikia hadi leo: "Huyu wa mjini ananiuzia chumvi, hajaniambia nipige magoti. Mmoja amenipa adui kilimani, mwingine amenipa adui mjini. Nani atanipa kibanja?" Kisha ukanigeukia, ukanitania kwa lile neno la kumwinamia bwana: "Au wewe, waitu?"

Nilicheka. Sikujibu.

Msemaji wa pili alikuwa na mtu wa kumshikia mwavuli. Mtu huyo alikuwa Kristofa, mwana wa baba yangu mdogo. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Uhuru ulikuja. Baadaye sheria ilikuja pia, ikaifuta nyarubanja, na kibanja kikawa chako. Nakiri kwamba hukuja kutusimanga. Mwaka uliofuata baba yangu aliugua, na mchana mmoja ulifika na kibuyu begani. Hukupiga magoti. Ulivuta kiti, ukakaa karibu na kitanda chake, ukasema, "Mzee, leo sikuleta kodi. Nimekuletea kinywaji cha mgonjwa." Baba alicheka hadi akakohoa. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mlipocheka pamoja.

Kosa lilikuwa langu. Kabla hujaingia ndani, pale mlangoni, nilikipokea kibuyu kwa mikono miwili, nikakiweka chini ya nguzo ya kati, na kwa mazoea ya tangu utotoni kinywa changu kikasema, "Asante, mtu wetu." Ulinitazama. Kisha ukanipita ukaingia ndani, nami sikuomba radhi. Kristofa alikuwa ameketi uani, akaona, akasikia.

Sasa nisikilize. Kristofa wa leo ni balozi wa nyumba kumi. Shati la kijani analo, na maneno yote ya ujamaa anayajua kuliko waliomfundisha. Mwezi uliopita kijiji kiliamua kujenga duka la pamoja, jambo jema, ambalo naliunga mkono. Kristofa alisimama mkutanoni akasema, "Wakulima wenzangu! Nyinyi mnatembea kwa miguu kwenda kutafuta sabuni, na kuna mtu amekalia ardhi yenye rutuba barabarani, peke yake! Huo si ubepari?" Watu walipiga makofi. Bepari aliyekuwa akisemwa ni Paskazia wako, aliyekuwa ameketi nyuma na kaniki ya matanga.

Mzee mmoja aliuliza jinsi ardhi iliyotolewa kwa sheria inavyoweza kuchukuliwa tena. Kristofa alikuwa tayari. Alisema kwamba wewe mwenyewe uliikataa sheria: ulileta kibuyu nyumbani kwetu baada ya nyarubanja kufutwa, kikapokelewa kwa desturi, na shahidi ni Mwalimu Evaristo. Kwa hiyo kibanja bado ni cha ukoo wetu, na yeye, kwa niaba ya ukoo, anakitoa zawadi kwa wananchi. Makofi tena! Anatoli, alikunyang'anya kwa mila ya mabwana, akakugawa kwa jina la wanyonge, na pande zote mbili zikamshangilia. Mwavuli ni ule ule. Amebadilisha tu anayemfunika.

Nilisimama. Kristofa alisema kwa kejeli, "Mwalimu, leo unasahihisha daftari la nani?" Nikamjibu, "Langu."

Niliwaambia kila kitu: kiti ulichokikalia, maneno uliyomwambia baba, na kwamba "mtu wetu" lilitoka katika kinywa changu na si katika moyo wako. Nilisema kwamba nilikuwa mtu mzima aliyesoma, na bado nilimpokea rafiki kama mtwana. Nilitaja na karo yangu. Hapo wakaanza kunipigia makofi na mimi. Niliwakemea kama darasa la kwanza. "Msinipigie makofi! Mliwapigia wawili kabla ya Uhuru, mmempigia huyu sasa hivi mara mbili. Makofi hayajawahi kupalilia shamba la mtu. Kila ambaye baba yake alileta kibuyu nyumbani kwetu, na asimame."

Walisita. Alisimama yule mzee aliyeuliza swali. Akasimama bibi wa chumvi, kwa kuinuliwa, maana sasa magoti yamemkataa. Wakasimama na wengine, hadi waliobaki wameketi wakawa wachache, Kristofa akiwa mmoja wao. Nikawauliza kama kibuyu kimoja cha mgonjwa kinaweza kuwarudisha wao pia chini ya nguzo yetu, na kama kesho Kristofa atawagawa na wao. Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wakifikiri, na sura ya mtu anayefikiri mimi naijua.

Duka, hata hivyo, lazima liwe barabarani. Kwa hiyo nilitoa kipande changu, kile chenye mikaratusi, nilichorithi kwa baba. Mwenyekiti alihesabu mikono, na kikakubaliwa; chako hakitaguswa. Wanangu wamenuna. Kristofa alinipita njiani akaninong'oneza kwa Kihaya kwamba nimeuvua ukoo nguo. Nilimwambia kwamba nguo hizo hazikuwa zetu.

Usidhani nakuandikia nipate sifa. Uliniuliza swali uwanjani, mbele ya kahawa iliyoanikwa, nami nikacheka. Kulijibu kumenichukua miaka yote hii, na jibu limefika ukiwa umekwisha kuzikwa. Hilo linaniuma, na acha liniume.

Nami najua kwamba haya hayajaisha. Atakuja mwingine, wa shati hili au wa kofia ile, atanyosha kidole kilimani au mjini, na tumbo la mwenye njaa litamsikiliza, maana njaa haina chama. Madhali nina pumzi nitahudhuria kila mkutano, nitakaa mbele, na nitamuuliza swali lililotokana na lako: "Kibanja cha nani, na nani atakikalia?" Nimeanza kuwafundisha wajukuu wako kuliuliza vilevile. Yule mdogo ana hesabu kali kama zako. Ataendelea na shule. Hilo niachie mimi.

Ndizi za rubisi zimefukiwa ziive nyumbani kwangu, na Jumamosi zitakamuliwa. Kibuyu cha kwanza nitakibeba mwenyewe begani, mchana, kwa njia ya barabarani, ili kila mtu aone kinakokwenda. Nitapiga goti uani kwa Paskazia. Goti moja, kwa sababu la pili likienda chini halirudi. Kitawekwa chini ya nguzo ya kati ya nyumba yako. Nitamimina kidogo mahali ulipolala, kisha nitavuta kiti nikae nawe kama ulivyokaa na baba yangu.

Lala kwako, mwenye kibanja.

Mtu wako,
Evaristo
Ijumbi