Flashi ya Kwenye Rozari

Biharamulo, Jumapili

Kaka Gidioni,

Shikamoo. Nimeona niandike, maana nikipiga simu baba anasikia kila neno. Tangu nimlete huku kutoka Ntobeye anakunywa dawa bila ubishi, na leo amekula ndizi na maharage akaomba kuongezewa.

Kompyuta yangu ya steshenari imepona. Diski yake ilikufa, nikanunua mpya, hizi za SSD, lakini mashine ni ya zamani mno, haikuitambua kabisa. Fundi Mhoja alihangaika siku mbili. Mwishowe akaomba flashi aweke programu ndogo, ili kompyuta ianzie hapo kila inapowashwa, ndipo iione diski mpya. Nikampa ile ambayo baba ameifunga kwenye rozari yake. Nilidhani ina nyimbo za kwaya tu, nazo ninazo kwenye simu. Mhoja akaifuta yote kwanza.

Jana ndipo nikakumbuka kwamba baada ya msiba ulimwekea baba humo sauti ya marehemu mama, akimwita kwa Kihangaza aje kula. Kaka, tafuta kwenye simu yako ya zamani. Kama haipo, usinipigie.

Flashi siwezi kuichomoa, bila hiyo mashine haiwaki. Mchana baba ameshika rozari, akauliza flashi yake iko wapi. Nikamjibu iko kwenye kompyuta, inanisaidia kazi.

Akatabasamu. "Basi usiitoe. Mama yako hakupenda kukaa bure."

Mdogo wako,
Domisiana