Ada ya Ushindi

Jumanne, 9 Mei

Karani wa wakili Kurahashi amethibitisha kwa simu: mdogo wangu Sumie atalipia saa nzima ya ushauri, si nusu saa. Yeni elfu kumi na moja.

Nilikuwapo ofisini kwa wakili, saa mkononi. Mdogo wangu alitumia dakika kumi na mbili kuomba radhi kwa usumbufu, kusifu maua ya mlangoni na kukabidhi boksi la keki za maharage matamu kwa mikono miwili. Kurahashi alimwacha aendelee. Dakika ya ishirini na tisa akatazama saa ya ukutani: “Tuendelee?” Nani angekataa.

Kisha mkataba. Laki tatu na elfu thelathini kuanza kazi ya talaka. Kiasi hichohicho ikimalizika. Kingine tena akipata haki ya kumlea Nozomi, “palipo na mgogoro”. Sumie akapiga muhuri wake, ndio saini kwetu, bila kusoma.

“Hukuuliza hata bei,” nilimwambia kwenye ngazi.

“Dada, mwalimu unamuulizaje bei? Aibu.”

Mawakili nao tunawaita walimu, kama madaktari. Huyu somo lake ni moja.

Mgogoro wa mtoto haupo. Tatsuro, mume wa Sumie, alishasema mezani kwangu mwezi wa pili: Nozomi akae na mama yake, dereva wa lori la masafa hawezi kulea mtoto wa miaka minane. Aliomba Jumapili mbili kwa mwezi. Basi.

Ijumaa, 19 Mei

Tatsuro kapiga simu kutoka maegesho ya malori. Kapata barua ya Kurahashi. Kanisomea: yeye “hafai kuwa mzazi”, na asimwone mtoto.

“Shemeji, mimi sifai? Niliyekuwa nikimwogesha? Sumie ndiye kasema?”

Sumie hakusema. Nimemuuliza mara mbili. Hakuonyeshwa barua kabla haijatumwa.

Tatsuro naye kashaweka wakili. Sasa anadai mtoto.

Kwa hiyo mgogoro upo.

Jumatano, 31 Mei

Nimekwenda kwa Kurahashi. Sikubeba keki.

Nikamuuliza: kabla ya barua yako, nani alikuwa akimgombania mtoto? Akasema barua ya kwanza lazima iwe na meno, ndivyo kazi inavyofanywa. Nikamuuliza meno hayo yamo kwenye bei au yanalipiwa kando. Akatabasamu kwa upole wa mtu aliyesikia mabaya zaidi ya hayo na akalipwa.

“Dada wa mteja, mkataba una muhuri.”

“Na Tatsuro akiondoa dai lake?”

“Basi tumeshinda.”

Miaka ishirini na sita naandika habari za mahakama. Nimewahoji wezi wa magari waliokuwa na haya zaidi.

Alhamisi, 1 Juni

Ankara imemfikia Sumie. Mazungumzo yangu ya jana, dakika ishirini. Zimehesabiwa nusu saa.

Alhamisi, 8 Juni

Kikao cha kwanza cha usuluhishi, mahakama ya familia. Mke chumba kimoja cha kusubiri, mume kingine, wasionane. Wasuluhishi wawili wazee wanawaita kwa zamu, nusu saa kila mmoja. Sumie zamu mbili, Tatsuro mbili. Kurahashi alikaa kando ya Sumie, akazungumza mara tatu. Siku ya wakili kufika mahakamani ni elfu thelathini na tatu. Elfu kumi na moja kwa kila kauli.

Uamuzi: kwa kuwa wazazi wanagombania mtoto, ofisa wa mahakama atamtembelea Nozomi nyumbani na kumuuliza.

Tatsuro kanisubiri nje, kofia mkononi. Yuko tayari kufuta dai lake kesho, Sumie akifuta yale maneno ya barua. “Sitaki mtoto aulizwe, shemeji. Atakaa na lile jibu maisha yote.”

Nimemfikishia Sumie neno kwa neno. Nikamwambia mpigie tu, namba yake unayo. Akasema mwalimu kawakataza kuongea moja kwa moja.

Pesa ya ushindi italiwa vyovyote vile. Kilichobaki kuokolewa ni mtoto asiulizwe. Simu moja.

Jumamosi, 10 Juni

Nozomi, akimenya yai, bila kuniangalia: “Mama mkubwa, huyo mtu wa mahakama nikikosea jibu, baba ataenda wapi?”

Nimesema hakuna jibu la kukosea. Nimeandika habari nyingi. Hiyo haikuwa ya kweli.

Sumie alisikia. Akatoka na simu kibarazani, nikaona anabonyeza. Nikadhani ni Tatsuro.

Akarudi kanawa uso. Kasema atamuuliza mwalimu kwanza kama anaruhusiwa kumpigia mumewe. Kapata miadi Ijumaa tarehe 16, saa nne asubuhi, nusu saa. Ofisa wa mahakama anakuja Jumanne tarehe 20, saa kumi jioni.

Boksi la keki kashaliagiza.