Wanaokaa Kushoto Kwangu

Jumatano, 10 Juni 1992
Madaftari tisini na mawili. Yote nimeyasahihisha juu ya magoti, kichwa chini. Chumba nilichopewa katika shule hii ya wasichana hapa Bungoma kina kitanda na ndoo. Meza za ofisini ni za walimu walioajiriwa, naibu wa mkuu wa shule alisema. Sisi wanafunzi wa chuo kikuu tuliokuja kwa mazoezi ya kufundisha tutajijua.

Ijumaa, 12 Juni
Nimeamka shingo haigeuki kushoto. Daktari amenipa vidonge bila hata kunigusa. Naibu amenicheka mbele ya walimu wote. "Ati shingo? Si unashika chaki tu? Umebeba gunia la nani?" Sikula kwa hasira.

Jumapili, 14 Juni
Nyumbani Kitale. Mama amenikanda kwa maji moto ya chumvi. Akauliza ninaandikia wapi. Nikamwambia. Akakanda kwa nguvu zaidi hadi nikalia.

Jumanne, 16 Juni
Mkaguzi wa chuo amekuja bila taarifa, akaketi nyuma ya darasa. Ameandika kwamba siwaangalii wanafunzi wanaokaa kushoto kwangu. Kwamba ninabagua. Mimi! Nilipomweleza habari ya shingo akasema visingizio vyetu amevizoea. Nimeanguka. Atarudi mara moja tu. Nikianguka tena, narudia mwaka. Mwaka mzima wa masomo, kwa kukosa meza!

Jumatano, 17 Juni
Nafula, monita wa Kidato cha Pili, hukaa kushoto kabisa. Leo amesimama. "Mwalimu, kwani sisi wa huku tulikukosea? Tukiinua mkono hutuoni."
Imeniuma kuliko ripoti. Nimewaambia ukweli wote, shingo, magoti, mkaguzi. Sikupaswa, lakini nimechoka kunyamaza.

Alhamisi, 25 Juni
Shingo ni ileile. Mkaguzi amerudi. Nimeingia naye darasani nikakuta madawati yote yamesukumwa kulia kwangu, wasichana wamebanana watatu watatu. Kushoto, sakafu tupu. Hakuna aliyecheka. Nikafundisha.
Mkaguzi hakuuliza chochote. Ameandika kwamba nimejirekebisha, sasa nawaangalia wote. Nimepita.
Alipoondoka, wasichana wakarudisha madawati polepole, bila kuyaburuta. Nafula akarudi kwenye kiti chake cha kushoto. Nikageuza mwili mzima nikamtazama.