Wajina Wangu wa Chini ya Mawe

Yunisi, mjukuu wangu mkaidi,

Huko Iringa uliko si ng'ambo! Tumepanda mpunga, tumevuna, na wewe hujakanyaga hapa. Najua unayemkimbia ni shangazi yako na mdomo wake: "Yunisi hazai, jina la bibi litapotea." Mimi je, nimewahi kukudai mtoto?

Sasa Amna, jirani anayeniandikia barua hii, kanisomea ujumbe wako. Yule mdudu uliyemtoa safari ile ya mwisho chini ya mawe ya kijito chetu, wataalamu wamekubali kwamba hakuna aliyewahi kumwandika kitabuni. Na wewe umempa jina langu, Nyamizi! Nilipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakatawanyika.

Nikamwendea shangazi yako. "Nimepata wajina kwa Yunisi."

"Kazaa?"

"Kaleta mwenye mabawa manne na miguu sita. Wanao wana miguu mingapi?"

Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akachinja jogoo.

Kwetu wajina huletwa apakatwe na mwenye jina. Kwa hiyo njoo. Huyo mfu uliyemhifadhi kwenye chupa mwache kazini. Nipeleke kijitoni, inua jiwe, uniwekee aliye hai kiganjani.

Bibi yako,
Nyamizi Mkubwa