Jina Nililolitaja Kilosa

Kimamba, Kilosa

Dada Skola,

Shikamoo. Nakuamkia wewe, shemeji na wote walioko hapo Kasulu. Mama anaendeleaje na miguu yake? Mvua mmepata? Mimi mwilini ni mzima. Hayo mengine nitakueleza, ila nakuomba usimsomee mama barua hii yote.

Uliniuliza kwa nini tangu mavuno sijatuma kitu. Unajua nilipoacha kukata mkonge nilijenga tanuri la mikate hapa karibu na stesheni. Siku zile wakata mkonge walikuwa wengi na walilipwa, mikate ilikuwa ikiisha asubuhi tu. Sasa bei ya mkonge imeanguka, mashamba ya jirani yamefungwa, watu wamerudi kwao au wamehamishiwa vijiji vya ujamaa. Unga naupata kwa kibali, gunia moja nikibahatika. Lakini kodi wamenikadiria kwa biashara ile ya zamani. Ikaja barua: nilipe yote kabla mwezi haujaisha, la sivyo leseni inachukuliwa na tanuri linafungwa.

Nikapanda baiskeli hadi Kilosa. Karani wa kodi ni mtu wa maneno ya upole. Nilimfungulia daftari langu la mauzo, nikamwomba nilipe kidogo kidogo.

"Ndugu, nikikuachia wewe, pengo lako nitalijaza kwa kitu gani?" akaniuliza.

"Kwa kweli sina kitu, bwana."

"Basi tusaidiane. Huko Kimamba nani anauza bila leseni? Nitajie mmoja tu, nami nitakugawia deni lako ulipe kwa awamu tatu."

Dada, ningependa kukuambia kwamba nilisita sana. Sikusita. Nilimtaja Binti Salum.

Ndiye yule mjane niliyewahi kukuandikia habari zake, anayekaanga maandazi pale stesheni. Nilipochomwa na mwiba wa mkonge mkono ukavimba hadi begani, yeye ndiye aliyenilisha kwa mkono wake mpaka nikapona. Kuumua unga alinifundisha yeye. Nilimtaja kwa sababu ndiye niliyejua kila kitu chake: anapopata unga, saa anayoanza, mahali anapoficha karai akisikia wakaguzi wanakuja.

Walikuja Jumatatu, wakaenda moja kwa moja nyuma ya choo chake. Wakabeba karai, unga na debe la mafuta, wakamwandikia faini. Mimi nilikuwa tanurini. Nilisikia akiwaambia, "Wanangu, niachieni karai tu," nikaendelea kukanda.

Kesho yake wateja wake wote walikuja kwangu. Mikate iliisha kama zamani. Ukitaka kujua malipo ya kwanza ya kodi niliyapata wapi, ni hapo.

Jioni ile Binti Salum akaja kubisha hodi. Nilidhani amejua. Kumbe alitaka nimwandikie barua ya kuomba msamaha wa faini, maana yeye kuandika hajui.

"Wewe mwanangu unajua maneno ya ofisini," akaniambia. "Tena unisindikize, naogopa kusimama mbele yao peke yangu."

Nikamwandikia, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Alhamisi nikampakia nyuma ya baiskeli, tukaenda. Njia nzima ananiombea dua.

Tulipoingia ofisini, karani aliinua kichwa akaniona. Akacheka kwa furaha.

"Karibu, ndugu! Leo umetuletea nani tena?"

Binti Salum alinitazama. Alichukua ile barua mkononi mwangu, akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye pindo la khanga. Karani akamweleza kwamba faini haina msamaha, na karai limeshauzwa.

Kurudi alikataa kupanda baiskeli. Alitembea mbele, mimi nikaikokota nyuma yake, jua kali, yeye akichechemea mguu mmoja. Mara moja tu nikasema, "Mama, nisamehe." Akajibu bila kugeuka, "Usiniite mama."

Wiki iliyofuata alijiandikisha mwenyewe kwenda kijiji kipya upande wa Zombo, kulima na wenzake, kwa umri ule. Lori lilipita mbele ya tanuri langu. Alikuwa amekaa juu ya magunia, ameangalia upande wa pili.

Malipo mawili bado. Watu wa stesheni wamejua, na wengi siku hizi wanaona heri washinde na njaa kuliko kununua mkate wangu. Nikifungiwa tanuri sitarudi shambani, wala Kasulu sitakuja. Kama mlikuwa mnanihesabu kwenye ada ya mtoto wako wa pili, msinihesabu.

Mwambie mama kazi ni nyingi. Nisalimie shemeji, mama mdogo wa kule Heru na baba yangu wa ubatizo. Na yule jirani aliyekuwa akiomba mwanawe aje kujifunza kazi kwangu, mwambie asimtume.

Mimi mdogo wako,
Filipo